Mafaili usiyoyaambatanisha: yanaingilia wapi kwenye barua pepe yako?

Ofisi ya utalii Arusha inatuma ratiba ya siku saba na proforma kwa mteja aliyeko Ujerumani. Mteja anajibu kwa adabu kwamba PDF hajaiona, amepata kitu kinaitwa winmail.dat na hakifunguki. Mtumaji anarudi kwenye Sent, anaikuta PDF imetulia palepale. Hapo kila mmoja humwona mwenzake hajui kompyuta, kumbe wote wanasema kweli.

Usikimbilie kubadilisha mipangilio. Jitumie kwanza barua tatu kwenye anwani ya Gmail iliyo nje ya mfumo wa ofisi: ya kwanza mstari mmoja bila saini, ya pili na saini, ya tatu na saini pamoja na PDF. Kumjaribia mwenzako wa meza ya pili hakusaidii. Kama nyote mnatumia Outlook kwenye seva moja, yeye ataona kila kitu kiko sawa. Fungua barua hizo kwenye kompyuta, maana app ya simu haina kitufe hiki: bofya nukta tatu, chagua "Show original", kisha tafuta maneno "Content-Disposition:". Kila yanapotokea, kwa kawaida pana faili moja lililosafiri na barua, na jina lake liko hapohapo. Jina hilo ndilo litakalokupeleka kwa mhusika.

Tuanze na winmail.dat, maana ndiyo inayokula proforma za watu. Outlook ya Windows ya toleo la zamani (classic) ikiandika barua kwa muundo wa Rich Text, hufunga mapambo ya maandishi na viambatanisho vyote ndani ya bahasha moja ambayo Outlook wenzake ndio wanaoijua. Kwa hiyo PDF haikupotea, imo humo ndani. Nenda File, Options, Mail. Kwenye "Compose messages in this format" weka HTML. Shuka chini hadi sehemu ya "Message format", na kwa barua za Rich Text zinazokwenda nje chagua zigeuzwe kuwa HTML. Ikiendelea kwa mteja mmoja tu, anza kuandika anwani yake kwenye To, jina likijitokeza lifute kwa alama ya X, kisha iandike upya yote. Outlook huwa imekumbuka muundo wa zamani pamoja na anwani. Ikiendelea kwa wateja wote, ni kazi ya msimamizi wa seva: Exchange, yaani seva ya barua pepe ya Microsoft, ina mpangilio wake wa TNEF (ndilo jina la bahasha ile) kwa barua zinazotoka nje, na huo hushinda wa kwako. Mteja aliyekwisha kupata faili hilo mtumie barua upya. Usimwelekeze kwenye tovuti za kufungulia winmail.dat, hasa kama ndani kuna nakala za pasipoti.

image001.png ni nembo iliyo kwenye saini yako, hakuna mchawi. Picha iliyobandikwa ndani ya barua husafiri kama faili, na programu nyingine huionyesha kama kiambatanisho. Kila mnapojibizana picha huongezeka, na baada ya majibu kumi mteja anatafuta ankara katikati ya nembo. Tena picha ikisafiri kwa barua pepe hunenepa kwa zaidi ya theluthi moja: nembo ya kilobaiti 400 hufika kama 540 hivi, na PDF ya megabaiti 20 hukataliwa na seva yenye kikomo cha 25. Ushauri wetu ni kuacha nembo kabisa: jina, simu na namba ya leseni ya utalii (TALA) vinatosha. Wakuu wakiing'ang'ania, ipunguzeni iwe chini ya kilobaiti 20.

ATT00001.htm kwa kawaida hutoka kwa mwenye Mac. Ameburuta PDF katikati ya barua, na maandishi yaliyobaki chini yake, mara nyingi saini tu, yakahesabiwa upande wa Exchange kama faili jingine. Kwenye menyu ya Edit ya Apple Mail, sehemu ya Attachments, washa chaguo la kuweka viambatanisho mwisho wa barua.

smime.p7s ni saini ya kidijitali, na haina ubaya. Faili la .vcf ni kadi ya mawasiliano. Kwenye Thunderbird toa tiki ya vCard katika mipangilio ya akaunti.

Kuna pia ofisi ambazo seva hubandika tahadhari ya kisheria chini ya kila barua. Exchange ikishindwa kuibandika, inaweza kuandika barua mpya na kuifanya yako kuwa kiambatanisho. Hapo hakuna unachoweza kurekebisha kwenye kompyuta yako. Mpelekee fundi nakala ya "Show original".

Lakini jina likiishia na .zip, .js, .docm au .html na wewe hukuliweka, acha majaribio. Chomoa kompyuta kwenye mtandao. Kwa kifaa kingine badilisha nywila, washa uthibitisho wa hatua mbili, ondoa programu usizozijua zilizounganishwa na akaunti, na kagua kanuni za kupeleka barua kwingine, kwani wezi hupenda kuacha moja humo. Usiridhike kwa kuwa Sent iko safi, maana barua za namna hiyo zinaweza kutoka bila kuacha nakala. Waliopokea wapigie simu. Barua nyingine kutoka anwani hiyohiyo wataionaje?