Mafundi 15 wa Kibuye: mashine kwanza, banda baadaye

Swali: Mhandisi, salamu kutoka soko la Kibuye, Kisumu. Sisi ni mafundi 15 wa vyuma, kila mtu na kibanda chake. Tunatengeneza mashine za kukata majani ya nepia ya kulisha ng'ombe, milango, viti vya shule na wilbaro. Tumeambiwa kuna mpango wa kutujengea banda kubwa nje ya mji tuhamie sote, liwe kongano la viwanda. Wazee wa kundi wanataka tukubali mara moja. Mimi nasita. Tukikaa bega kwa bega na wote tunauza milango, si tutauana kwa bei? Halafu hata hapa Kibuye tuko pamoja miaka yote na sijaona aliyekua. Kongano linamsaidiaje fundi mdogo hasa?

Jibu: Fundi, naanza na swali lako la mwisho, kwa sababu ndani yake mna jibu la lile la kwanza.

Ni kweli mko pamoja, lakini kila mmoja wenu ni kiwanda kizima. Unanunua chuma peke yako, unapima, unakata, unakunja, unatoboa, unachomelea, unapaka rangi, unauza, na jioni unamtafuta mdeni. Jirani yako, mita tatu kutoka hapo, anafanya yale yale. Hiyo ni safu ya vibanda tu. Kongano, au klasta kama wengi mnavyoiita, linaanza siku fundi anapoacha kazi fulani kwa sababu jirani anaifanya vizuri zaidi na kwa gharama ndogo.

Sialkot, Pakistan, ni mji unaotengeneza mikasi na koleo za upasuaji zinazotumika hospitali nyingi duniani. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na karakana ndogo: huyu anafua, yule anasaga, mwingine anang'arisha. Mkasi mmoja hupita mikono kadhaa kabla ya kufika kwa muuzaji anayeupeleka nje.

Sasa tuje kwenye mashine yenu ya nepia. Roho yake ni visu, na mafundi wengi huvichonga kutoka springi kuukuu za lori. Springi ni chuma kizuri, lakini kina masharti. Ukikipasha hadi kiwe chekundu na kukizamisha kwenye oili kinakuwa kigumu sana, na pia kinavunjika upesi kama glasi. Lazima ukirudishe kwenye moto mdogo, nyuzi 250 hivi, hadi uso uliosuguliwa ugeuke rangi ya majani makavu na kuelekea hudhurungi. Fundi anayetengeneza visu vinne kwa mwezi anabahatisha rangi hiyo. Anayetengeneza 200 ataijua hata akiwa amesinzia. Kwa hiyo mmoja wenu awe mtu wa visu, na wengine 14 mnunue kwake.

Mtaniambia mlishajaribu na visu havikuingia. Bila shaka havikuingia! Kila mmoja anatoboa tundu za bolti pale jicho lake lilipomwonyesha. Hapa mnahitaji jigi, yaani kipande cha bamba nene chenye tundu kwa vipimo mlivyokubaliana, ambacho kila fundi anakibana juu ya kazi yake kabla ya kushika drili. Tengenezeni moja kuu ifungiwe kabatini, kisha nakala kwa kila kibanda, na nakala zilinganishwe na ile kuu mara kwa mara kwa sababu tundu hulika. Ni kazi ya siku mbili tatu. Baada ya hapo kisu cha mtu mmoja kinaingia kwenye mashine ya yeyote kati yenu, na mfugaji wa Vihiga anapiga simu apelekewe kisu kwa matatu badala ya kusafirisha mashine nzima. Kwa maoni yangu jigi hiyo ni mwanzo wa kongano lenu kuliko jengo lolote.

Unaona basi kwamba hofu ya kuuana kwa bei ni ya haki, lakini haitokani na ujirani. Inatokana na wote kuuza kitu kile kile kilichotengenezwa kwa njia ile ile, mpaka silaha pekee iliyobaki ni kushusha bei. Muundo wa mlango wako, maua yake, maneno yako kwa mteja na muda wako wa kumaliza kazi, hayo shindaneni mchana kutwa. Kukata, kukunja na kununua chuma mteja havioni wala havimhusu, kwa hiyo hamna sababu ya kufanya kila mtu kivyake.

Nakupa hesabu ya bomba, maana wengi huipuuza. Bomba la mraba huja likiwa na urefu wa mita 6. Tuseme kazi yako inataka vipande vya sentimita 110. Unapata vitano, na ukitoa kinacholiwa na diski ya grinda unabaki na sentimita 48 hivi. Ni kama asilimia 8 ya bomba uliyolipia, na kwako ni chuma chakavu cha kuuza kwa kilo. Kumbe jirani anayetengeneza viti anataka miguu ya sentimita 45. Kipande chako kinamtosha. Mkiwa na mahali pamoja pa kukatia, anayekata akiwa na oda zenu zote mezani, atazipanga ndani ya bomba moja. Hakuna mkopo unaohitajika kwa faida hiyo.

Mashine ya pamoja ndiyo inayohitaji mkopo, na vikundi vingi huvunjikia hapo. Chukua mfano wa mashine ya kukata bamba; namba hizi ni za kujifunzia, wekeni zenu. Bei shilingi 420,000, na itawatumikia miaka 7, kwa hiyo 60,000 kwa mwaka. Mwendeshaji 20,000 kwa mwezi, jumla 240,000. Umeme na matengenezo 96,000. Mwaka mzima ni 396,000. Mafundi 15 wakiitumia saa mbili mbili kwa wiki ni saa 30. Kwa wiki 44, ukitoa sikukuu, misiba na siku za kukatika umeme, ni saa 1,320. Saa moja inagharimu shilingi 300. Wakija nusu tu, gharama ya saa inapita 500, hata umeme ukipungua, kwa sababu mwendeshaji anakula kila mwezi mje msije. Ndiyo maana nasisitiza watu wa nje ya kundi waruhusiwe kukatiwa kwa kulipa zaidi kidogo. Kila mtu alipe kwa saa, mwenyekiti naye alipe, na msikubali daftari la madeni hata wiki ya kwanza.

Msichague mashine kwa kutazama picha kwenye simu. Kwa wiki mbili kila fundi aandike alicholipa nje: kukunjiwa bamba kiasi gani, kukerezewa shafti kiasi gani, na alisubiri siku ngapi. Mashine ya kununua itajitaja yenyewe kwenye maandishi hayo. Mimi nashuku itakuwa ya kukunja, lakini msinifuate mimi.

Kuhusu sura ya kisheria, watu 10 wanatosha kuanzisha ushirika, nanyi mmezidi. MSEA, mamlaka ya serikali ya biashara ndogo iliyotokana na Sheria ya Biashara Ndogo ya 2012, husajili vyama vya mafundi kama nyinyi. KIE, shirika la serikali lililopo tangu 1967, hukopesha viwanda vidogo. KIRDI, taasisi ya serikali ya utafiti wa viwanda, wana kituo Kisumu. Waulizeni kama wanaweza kuwapimia ugumu wa visu kabla hamjaanza kuvitangaza.

Upimaji huo si urembo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Ulaya ilifunga soko la sangara wa Ziwa Victoria, mbuta mnaowajua, zaidi ya mara moja, kwa hofu ya vijidudu na dawa za sumu. Wenye viwanda vya samaki walikuwa wapinzani wakubwa kule ufukweni, lakini marufuku haikuuliza nani msafi na nani mchafu. Iliwabidi wakae meza moja, na wakaunda chama chao, AFIPEK. Kisu kimoja kikivunjika na kumrukia mfugaji, hatasema fundi fulani kanidanganya. Atasema ni vitu vya Kibuye.

Sasa hilo banda. Nchi hii imewajengea watu wa jua kali mabanda tangu miaka ya 1980, na mengine mengi chini ya mpango wa kuchochea uchumi wa 2009. Baadhi yalikaa miaka bila umeme wa kutosha wala mashine, na mafundi wakabaki barabarani kwa sababu mteja yuko barabarani. Siku hizi kuna pia bustani za viwanda za kaunti, yaani maeneo yaliyotengwa kwa viwanda, mpango ulioanza 2023, ambazo zimeelekezwa zaidi kwenye mazao ya shamba. Huko nyinyi ni watu wa kuunda na kutengeneza mashine za wasindikaji. Hilo ni soko lenu hata msipohamia.

Ushauri wangu ni msihame wote. Umati wa Jumapili Kibuye hamtaupata nje ya mji. Bakini na maonyesho hapo, na karakana ya mashine iwe mahali ambapo mkokoteni unafika. Ukihitaji pikapu kupeleka bamba moja kukunjwa, faida imeishia kwenye petroli. Wakiwaletea karatasi za banda, ulizeni kwanza kama umeme wa fezi tatu, ule wa kuendesha mashine kubwa, umeshafika kwenye jengo, maana nguzo iliyo ng'ambo ya barabara si umeme. Ulizeni ardhi ni ya nani na mkataba ni wa miaka mingapi kwa jina la ushirika, na nani atalipa mlinzi. Wakishindwa kujibu hilo la mlinzi, msihamishe hata grinda.