Zabibu Tabora na Kigoma: majibu ya maswali yenu

Mmeuliza sana kuhusu zabibu za mvinyo, twende moja moja.

Dodoma wanaweza, sie Tabora tunakwama wapi?
Joto sio shida ndugu yangu, na mwinuko tunakaribiana tu, wote tupo kwenye mita 1,100 hadi 1,200 hivi. Kinachotuangusha ni mvua. Dodoma wanapata milimita 500 na kitu kwa mwaka, sie mjini tunasogelea 1,000, afu inapiga Novemba mpaka Aprili, majani hayakauki, hapo ndo ubwiri vinyoya, ugonjwa wa ukungu, unaingia na kumaliza majani na vichala. Mzabibu unavumilia kiu kuliko kulowa kila siku. Kwahiyo msimu wetu ni kiangazi: pogoa mvua zikikata, kwenye Mei hivi, hesabu miezi kama minne, unavuna Septemba kukiwa kukavu kabisa. Ila maji ya kumwagilia lazima uwe nayo, kama huna kisima usianze, nakuomba.

Nina mbuga ya mpunga, nipande?
Hapana. Maji yakituama mizizi inaoza. Panda juu kwenye kichanga.

Mbona Ulaya wanavuna mara moja na Dodoma mara mbili?
Kule baridi inaulaza mti, majani yote yanadondoka mpaka baridi iishe. Kwetu haulali, mkulima ndo anaupangia kalenda kwa kupogoa na kupunguza maji, ndo maana Dodoma kuna vuno la Machi na la Agosti-Septemba. Hilo la Machi kwa Tabora mi silishauri, zabibu zinaiva mvua bado ipo, zinapasuka na sukari inakua hafifu.

Nina kilima Kigoma, kinatazama ziwa, vipi?
Mteremko safi, maji hayatuami, na upepo wa ziwa unakausha majani, ila piga matuta ya kukinga maji la sivyo udongo wote unaishia Tanganyika. Tatizo lako ni usiku. Ziwa lipo kama mita 770 tu na maji yake yanatunza joto, so usiku haupoi vya kutosha, na zabibu ikiiva kwenye joto usiku na mchana inapoteza ule uchachu, mvinyo unabaki na utamu wa kuchosha. Jaribu Chenin Blanc, aina ya zabibu nyeupe ya mvinyo, inajitahidi kushika uchachu hata penye joto. Kasulu juu kule kunapoa, ila nako mvua ni nyingi. Kwa ufukweni mi ningepanda za kula, niuze sokoni hapohapo mjini.