Mashine ya Kuondoa Unyevu Ikianza Kelele, Isikilize Kwanza

Mashine ya kuondoa unyevu haijaumbwa iwe kimya. Ndani yake mna feni inayovuta hewa na kompresa kama ya friji, kwa hiyo kunguruma ni kawaida yake. Hata mlio wa "tak" kompresa inapowaka, au maji-maji yanayosikika yakibubujika baada ya kuizima, hayo ni ya gesi na mabomba tu. Mimi hayanisumbui. Sauti ngeni ndiyo ya kufuatilia.

Kabla ya kushika bisibisi, iweke kwenye feni peke yake, kama ina kitufe hicho. Kelele ikiendelea vilevile, tafuta upande wa feni. Ikikatika, inahusiana na kompresa au mtikisiko wake. Kisha bonyeza ubavu wa mashine kwa kiganja, halafu bonyeza ndoo ya maji. Kelele ikinyamaza chini ya mkono wako, umeshampata mchawi: kuna kitu kimelegea.

Mara nyingi kwangu huwa ni ndoo. Dalili yake ni rahisi kuitambua: ikiwa tupu inagongagonga, maji yakifika nusu inatulia kwa sababu ya uzito. Itoe, futa ukingo wake na sehemu inapokaa, hakikisha boya linapanda na kushuka bila kukwama, halafu irudishe mpaka ikae sawasawa. Ikiwa bado inacheza, bandika vipande vyembamba vya sponji pale plastiki zinapogusana, ila mbali na boya, maana boya likikwama mashine haitajua ndoo imejaa.

Sakafu nayo huchangia. Sakafu ya mbao huvumisha mtikisiko kama ngoma, na gurudumu moja likining'inia mashine yote hutetemeka. Mkeka mnene wa raba unasaidia sana. Isogeze pia mbali na ukuta.

Feni ikivuma kwa nguvu kuliko zamani, toa chujio. Likiziba vumbi hewa inapita kwa shida. Lioshe kwa maji ya uvuguvugu, likauke kabisa ndipo ulirudishe.

Chumba kikiwa na baridi, chini ya nyuzi 15 hivi, mashine ya kompresa inaweza kuganda barafu kwenye koili, yaani mabomba ya baridi yaliyo ndani yake, na hapo utasikia mikwaruzo au feni ikihangaika. Izime barafu iyeyuke yenyewe. Usiikwangue kwa kisu, ukitoboa bomba gesi yote inatoka.

Kama uliisafirisha ikiwa imelala ubavu, isimamishe kwa saa kadhaa kabla ya kuiwasha. Ukiweza, iache mpaka kesho yake, ili oili irudi kwenye kompresa.

Chuma kikisagana na chuma, zima. Huenda beringi ya feni imekwisha, au panga zake zinakwaruza kitu. Mlio wa "mmm" kisha "tak", unaojirudia bila koili kupoa, maana yake kompresa inashindwa kuwaka. Hilo ni la fundi: kapasita iliyomo ndani hubaki na umeme hata ukichomoa waya kwenye soketi. Ila muulize bei kabla hajaifungua. Kama mashine ni ya siku nyingi na kompresa ndiyo imekufa, mimi ningenunua nyingine.