Vyungu Vyenye Tundu vya Morelos

Swali: Katika picha za magofu ya hacienda (mashamba makubwa) za sukari za Morelos, Meksiko, nimeona vyungu virefu, vimechongoka chini na vina tundu. Vilikuwa vya nini?

Jibu: Hizo ni kalibu za kusafishia sukari. Miwa, iliyoletwa huko na Wahispania karne ya 16, ilipaswa kukamuliwa upesi baada ya kukatwa. Ikilala, sukari yake huharibika na haigandi vizuri. Maji yake yalichemshwa kwenye masufuria ya shaba hadi yakawa mazito, yakamiminwa kalibuni, tundu likiwa limezibwa. Sukari ikishaganda, kizibo kilitolewa na juu yake kukatandazwa udongo wa mfinyanzi uliolowa. Maji ya udongo huo yalipenya polepole yakiosha molasi (maji mazito ya kahawia yasiyoganda), nayo ikadondokea chini. Kazi ya wiki kadhaa! Juu sukari ilitoka nyeupe, nchani ikabaki ya kahawia.

Mwishoni mwa karne ya 19 mashine za kuzungusha zilimaliza kazi hiyo kwa dakika chache. Reli nayo ilifika Cuautla, mji wa Morelos, mwaka 1881. Hacienda zikataka miwa zaidi, zikameza ardhi na maji ya vijiji, dhuluma iliyomfanya Emiliano Zapata, kiongozi wa wakulima wa kijiji cha Anenecuilco, kudai ardhi irudishwe, katika tamko lake la Mpango wa Ayala wa Novemba 1911.