Kabini ya chini ya ardhi: kwa nini shimo haliishi?

SWALI: Hapa Himbi, Goma, wanajenga kabini ya umeme chini ya ardhi, mbele ya maduka yetu. Nusu ya barabara imefungwa miezi na miezi. Asubuhi wafanyakazi wanafika, wanasimama juu ya shimo wakiangalia tu. Kabini za juu zinaisha upesi. Hii inakwama wapi? (Mwenye duka, Himbi)

JIBU: Inakwama kwenye shimo lenyewe. Kufunga transfo, mashine ya kushusha volti inayokaa ndani ya kabini, ni kazi ya siku chache. Kuitafutia nafasi ndani ya makoro, yaani mawe ya lava, ndiko kunakokula miezi.

Makoro si mwamba mmoja. Juu unakuta bamba gumu, chini yake mawe mepesi yenye matundu, halafu bamba jingine. Baruti haipigwi kando ya nyumba za watu, basi mafundi hutoboa matundu kwa mstari na kupasua kidogo kidogo kwa nyundo ya kompresa. Wakikuta pango chini ya sakafu, lazima walijaze beto (zege) kwanza, kwani transfo ya kVA 630 ina uzito wa tani 2 hivi na sakafu iliyo juu ya uwazi itapasuka.

Kusimama asubuhi si uvivu. Ni mazuku, gazi ya kuua inayotoka ardhini na kutuama mabondeni. Gazi kaboniki (CO2) ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, na usiku usio na upepo hujaa shimoni kama maji. Kabla mtu hajashuka, kipimo cha gazi hushushwa kwa kamba hadi chini kabisa, si usawa wa kifua. Kwa kazi ya saa 8, kiwango kisizidi asilimia 0.5, kikifika asilimia 10 mtu huzimia ndani ya dakika chache. Mshumaa haufai: unapozimika, gazi imeshapita kiwango mbali sana. Feni yenye bomba refu husukuma hewa safi hadi chini, wanapima tena, na mmoja hubaki juu. Mwenzao akianguka, asishuke mtu bila chupa ya hewa. Wengi wamekufa kwa kumfuata aliyeanguka.

Kisha beto. Sakafu, kuta na kifuniko humwagwa kwa zamu, na nguvu ya beto huhesabiwa kwa siku 28. Maji hupenda kuingilia pale ukuta unapokutana na sakafu, hivyo utepe wa kuyazuia huwekwa kabla ukuta haujamwagwa. Ukisahauliwa, kila mvua ni pampu.

Transfo hiyo ikibeba mzigo wake wote hutoa joto la kilowati 7 hivi. Kwingine feni ya kabini ni ya kupoza tu. Ya Himbi inaondoa gazi pia, kwa hiyo haitoshi iwashwe na joto peke yake, na fundi anayekuja umeme umekatika aje na jenereta ya kuiendesha kabla ya kufungua mlango. Sisi tungechagua kabini ya juu popote penye kiwanja, hata kidogo.

SWALI: Ikiisha, umeme utaacha kukatika? (Kijana wa Katindo)

JIBU: Hapana. Kabini haizalishi umeme. Unaokatika mbali utaendelea kukatika. Kitakachobadilika ni volti. Nyumba iliyo mwisho wa waya mrefu wa volti 400 hupata taa hafifu na friji isiyoanza saa za jioni, kwa sababu volti hupotea njiani. Kabini ikiwa karibu, waya hufupika. Pima kwenye priza saa moja jioni, leo na baada ya kuunganishwa: inapaswa kukaribia 230.