Hukuwa Mtoto Mtulivu

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini ukikosa usingizi unamsikia mwanamume akisema "Tokeni nje!" na chumbani uko peke yako, na kwa nini siku nyingine unaiona mikono yako kama ya mtu mwingine. Ukauliza kama unarukwa na akili.

Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya, ulikuwa na miaka saba. Maneno hayo yalisemwa kweli, mlangoni petu, kabla mabati hayajaanza kulia kwa moto. Baadaye, hemani pale uwanja wa maonyesho Eldoret, nilikupa chai. Ulishika kikombe kwa mikono miwili, macho wazi. Nikakuita mara tatu. Chai ikapoa, ikafanya utando. Nikawaambia wenzangu: huyu mtulivu, hasumbui. Na mimi ni muuguzi! Nisamehe, mama.

Hukuwa mtulivu. Hukuwepo. Mtoto asiyeweza kupigana wala kukimbia, akili yake huweza kumwondoa na kuuacha mwili pale pale. Tangu 1889 mwanasaikolojia Mfaransa Pierre Janet aliandika kuhusu mambo yanayojitenga na fahamu ya mtu yakaendelea kuishi kivyake. Kipande kama hicho kikirudi, mara nyingine hakiji kama kumbukumbu. Huja kama sauti ya nje, ya sasa hivi. Mwaka 2012 watafiti walijumlisha tafiti nyingi wakaona kwamba walioteseka utotoni wana uwezekano wa karibu mara tatu wa kupata saikosisi, ugonjwa ambao kusikia sauti ni mojawapo ya dalili zake. Si wote. Kakako alilala hema hilo hilo, na hasikii kitu.

Shangazi yako atasema ni mapepo. Akuombee, simkatazi, lakini nenda kwa daktari wa akili. Kifafa, homa kali na dawa fulani pia huleta sauti, kwa hiyo usijipime mwenyewe. Mweleze na habari ya moto, usiifiche. Sauti ikikuamuru ujidhuru, usingoje kuche: nipigie, uende hospitali usiku huo huo.

Mikono ikigeuka ya mtu mwingine, kanyaga sakafu bila viatu. Taja unavyoviona: pazia, jiko, ndoo. Taja na mwaka tuliomo.

Ijumaa napanda matatu ya kwanza. Ile leso ya kijani uliyojifunika hemani bado ninayo, nitaibeba. Ukitaka tutaifungua pamoja. Usipotaka, itabaki mkobani.

Mamako