Begi Mgongoni: Dola 3,500, miezi mitatu, nchi nane za nini?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi kijana wa Tanga, niko Sharjah mwaka wa sita sasa kazi ya ulinzi, mkataba unaisha mwezi wa tano na sitaki kuongeza. Nikijumlisha kiinua mgongo na akiba, baada ya kutuma za mama amalizie kuezeka, nabaki na kama dola 3,500. Kabla sijarudi nataka nizunguke miezi mitatu, nchi ambazo watu wetu hawaendi endi, sio Dubai na Istanbul kila mtu kashapiga picha. Nimepanga Georgia, Armenia, Azerbaijan, Kazakhstan, Kyrgyzstan, Tajikistan, Uzbekistan na Turkmenistan. Nalala popote, nakula chochote mradi halali. Hela itatosha au najidanganya?
*Msomaji, Sharjah*

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa bati la mama. Hela inatosha, ila hiyo orodha yako haitoshi kwenye hela. Nane za nini? Mzungu anayezunguka huko na begi lake hesabu yake ni kitanda na chakula basi, mipaka kwake anapita kama anaenda dukani. Sisi kwa pasi zetu kila mpaka ni fomu, ada, picha, bima, na kuna nchi zinataka barua ya mwaliko juu, alafu unasubiri, na ukisubiri unalipia kula na kulala bila kutembea. Bajeti yetu sisi inaliwa mpakani, kitandani wala hailiwi. Kitanda cha dabo deka kwenye hosteli ya Bishkek, mji mkuu wa Kyrgyzstan, utakipata kwa dola 7 mpaka 10, sahani ya pilau iliyoshiba dola 3, hapo utabana nini tena? Punguza mipaka.

Mimi ningechukua tatu za Asia ya Kati: Uzbekistan, Kyrgyzstan, Tajikistan. Turkmenistan futa kabisa, kwa miaka mingi mtalii wa kule amelazimika kwenda na kampuni na muongozaji wa kulipwa kila siku, hiyo sio safari ya mtu wa kiinua mgongo. Georgia ndo ningekuachia kama nyongeza, kwa sababu moja tu, imekuwa ikiwaingiza bila viza wenye ukaazi halali wa nchi za Ghuba. Umeona neno halali? Mkataba ukiisha na mwajiri akakansel ukaazi wako, mlango huo nao umefungwa. Kwa hiyo kama Georgia unaitaka nenda kwa likizo yako ya mwisho ukiwa bado kazini, na uliza shirika la ndege kwanza maana wao ndo wanakuzuia kaunta hata kabla hujafika kwa afisa wa uhamiaji.

Sasa sikiliza mpangilio, huu ndo utakuokolea hela kuliko kulala njaa. Tembea mstari mmoja usiorudi nyuma. Viza za bei rahisi ni za kuingia mara moja, ukitoka Kyrgyzstan kwenda Tajikistan alafu ukataka kurudi Kyrgyzstan kupanda ndege, umeshakufa, unanunua viza nyingine. Mimi hilo kosa nimelifanya, nimekaa siku sita kwenye mji ambao nilishaumaliza kwa siku mbili.

Anza Uzbekistan mwisho wa mwezi wa tano kabla joto halijapanda, maana mwezi wa saba kule linafika 40 na zaidi, sawa Sharjah umezoea lakini si unataka kupumzika. Tashkent, mji mkuu wao, mpaka Samarkand kuna treni ya kasi inaitwa Afrosiyob, ipo tangu 2011, masaa mawili na kidogo umefika, ila tiketi zinaisha mapema sana. Ukikosa usihuzunike, chukua treni ya kawaida ya vitanda, inachelewa lakini ni rahisi na watu watakulisha njia nzima. Samarkand utaona Registan, madrasa tatu zinatazamana uwanja mmoja, ya kwanza ya Ulugh Beg ilianza kujengwa 1417. Na wewe ni mtu wa Tanga, chuo cha Kurani umepita, yale majina ya Bukhari na Tirmidhi, wakusanyaji wa hadithi za Mtume, tuliyokuwa tunayasikia kila siku mbona ni majina ya miji ya huko huko, Bukhara na Termez. Kaburi la Imam Bukhari liko nje kidogo ya Samarkand, unaenda na gari za kuchangia. Mimi nilisimama pale nikamkumbuka maalim wangu na fimbo yake.

Kutoka Tashkent treni inakupeleka bonde la Fergana mpaka Andijan, hapo unachukua teksi ya kuchangia hadi mpakani, unavuka kwa miguu na begi lako, upande wa pili ni Osh na tayari uko Kyrgyzstan. Osh mpaka Bishkek ni teksi za kuchangia, zaidi ya kilomita 600 za milima, kutwa nzima. Kwingine ni mashrutka, hizi ni vipanya tu kaka, zinaondoka zikijaa. Bishkek kwenda Karakol kama masaa sita au saba na nauli haizidi sana dola 6. Karakol kaa. Jumapili kuna mnada wa mifugo asubuhi na mapema, kondoo wanaingizwa kwenye buti la gari dogo wakiwa hai, na mjini kuna tambi za baridi zenye pilipili na siki, ashlan-fu, chakula cha Wadungan, Waislamu wa asili ya China, hela ya chai tu. Mwezi wa saba wafugaji wanakuwa wamepanda na mifugo kwenye malisho ya juu, ndo unaenda ziwa Song-Kul, mita 3,016, unalala kwenye yurta, hema lao la duara la sufi, chakula cha usiku na cha asubuhi humo humo kwa kama dola 20.

Mwezi wa nane rudi Osh, upande milima ya Pamir mpaka Dushanbe, mji mkuu wa Tajikistan, na kutoka Dushanbe ndo unapanda ndege ya nyumbani. Huo upande wa Pamir unataka kibali chake mbali na viza, unakiombea humo humo unapojaza fomu ya viza ya mtandaoni ya Tajikistan, usikisahau, bila hicho utashushwa njiani. Na mpaka wa Kyrgyzstan na Tajikistan ulifungwa baada ya mapigano ya 2021 na 2022, marais wakasaini makubaliano Machi 2025 pale Bishkek, kwa hiyo ukifika Osh waulize wenye nyumba za wageni njia ya Kyzyl-Art, hapo unapovukia mpaka, inapitikaje wiki hiyo, wanajua kuliko intaneti.

Hiyo barabara nisikudanganye. Jeep ya Osh kwenda Murghab, mji wa huko juu Pamir, haina ratiba. Mimi nilifika uwanjani saa moja asubuhi dereva akaniambia tunaondoka sasa hivi, tumeondoka saa tisa, katikati hapo nimemjua kila abiria na mzigo wake, kuna mama alikuwa na magunia ya vitunguu matatu na tairi, tairi likakaa mapajani kwangu mpaka mpakani. Kiti cha mbele kinauzwa ghali kidogo, lipia, hapo usijifanye mkakamavu. Na usipande moja kwa moja, lala usiku mmoja Sary-Tash kwanza, kijiji cha kabla ya mpaka. Murghab iko kama mita 3,600, hapo ni kama umelala Horombo kule Kilimanjaro, na kabla hujaifika unavuka njia ya juu mlimani, Ak-Baital, mita 4,655, yaani gari linakupandisha karibu sawa na Kibo Hut, tofauti wapanda Kilimanjaro wanafika hapo kwa siku tatu nne na wewe umefika umekaa kitako unasikiliza muziki wa dereva. Kichwa kitauma. Kikizidi, unatapika na kuyumba, shuka, hakuna ujasiri hapo.

Hesabu, tuseme miezi miwili na nusu badala ya mitatu: siku 75 kwa dola 27 ni 2,025. Inabaki 1,475 ya viza, ndege ya kwenda, jeep, na tiketi ya nyumbani. Hiyo ya nyumbani itenge kwanza kabla hujaanza kula pilau za watu. Na usinunue tiketi yoyote isiyorudishwa kabla viza hazijatoka. Kadi ya njano ya chanjo beba. Makochi na TV zako za Sharjah tuma nyumbani kabla hujaondoka, utazunguka na TV mgongoni?

SWALI: Dada, mimi ni mwalimu Mombasa, nimepata likizo ya miezi minne bila mshahara na nilisoma ukitaja hizo nchi za Asia ya Kati mara ya mwisho nikavutiwa. Tatizo mamangu hataki kusikia, asema mwanamke peke yake nchi hata jina hawezi kulitamka, nani atanisitiri nikiugua? Nawe ulienda peke yako?
*Mwalimu, Mombasa*

JIBU: Nilienda peke yangu, na mama mpe shikamoo zangu umwambie hofu yake naielewa, wangu mimi alininunia wiki mbili.

Kwanza utaangaliwa. Sio kwa ubaya mara nyingi, wengi hawajawahi kukaa karibu na mtu mweusi, na pale Registan siku moja nilipigwa picha nyingi kuliko yale majengo, familia nzima zinapanga foleni, bibi harusi mmoja akanivuta nisimame naye. Siku ya kwanza inafurahisha, ya nne unachoka, ruhusa kukataa, weka mkono kifuani tabasamu ondoka. Wachache watakugusa nywele bila kuuliza. Nilikuwa nimesuka, na kule Song-Kul bibi mwenye yurta aliniketisha karibu na jiko lao la kinyesi kikavu cha ng'ombe, akahesabu nywele zangu msuko mmoja mmoja kwa Kikyrgyz huku ananimiminia chai, alipofika arobaini na kitu akapotea hesabu, akacheka akaanza upya. Sijaona baridi usiku ule ingawa nje maji ya ndoo yaliganda juu na ni mwezi wa saba.

Swali utakaloulizwa kila siku ni mumeo yuko wapi na watoto wangapi. Mimi nilikuwa na mume wa kwenye pete tu, yuko Bishkek ana kazi nyingi maskini. Kwenye teksi za kuchangia kaa pale walipo kina mama, usiku usisafiri, dereva aliyekunywa usipande hata kama abiria wote wamepanda.

Na lugha isikutishe, wewe unayo nusu tayari. Uzbekistan kitabu ni kitob, saa ni soat, dunia ni dunyo, habari ni xabar, sabuni ni sovun, daftari ni daftar, chai ni choy, na sambusa zao wanaziita samsa, zinaokwa kwenye tandir ambayo ni tanuri yetu. Asante ni rahmat. Maktab usiifuate ukidhani utasoma vitabu, kwao ni shule, ila wewe mwalimu utakaribishwa huko pia. Adabu mbili: mkate usiugeuze juu chini, na ukimiminiwa chai nusu kikombe usinune kwa kwetu tulivyozoea kujaziwa pomoni. Kwao nusu ndo heshima, maana yake kaa tuzidi kukumiminia. Kikijazwa mpaka juu ndo uanze kutafuta viatu.

Kuhusu kuugua, nunua bima inayolipia mpaka kubebwa kutoka milimani, soma maandishi madogo kama inaruhusu urefu unaokwenda. Na mama umwambie siku kabisa: Jumanne na Jumatano sitakuwa hewani, niko ziwani, Alhamisi jioni nakupigia. Mimi sikumwambia wangu, nilikuta misikolu 31 na mjomba ameshafika polisi.

SWALI: Habari dada. Huko Asia ya Kati kadi inakubali au nibebe keshi? Na M-Pesa?
*Msomaji, Mwanza*

JIBU: M-Pesa huko sahau. Kadi ya Visa inatoa hela kwenye mashine za miji mikubwa, lakini ukishapanda milimani keshi ndo mfalme, badilisha za kutosha kabla hujatoka Osh. Dola 1 ni kama som 87, hela ya Kyrgyzstan, wakati Uzbekistan ni sum kama elfu kumi na mbili, utatembea na bunda ukajiona tajiri. Muhimu noti ziwe mpya, zisizokunjwa, zisizoandikwa. Nilibeba noti ya 100 ina kimuhuri cha bluu pembeni kidogo kama punje ya mchele, wameikataa Tashkent, wameikataa Osh, Murghab muuza duka akaiinua juani akaicheka akanirudishia na pipi. Nimerudi nayo Dar, na hapo nako wakaichukua kwa bei ya chini.